"Nipate" na "Nimepata": Lugha ya Vitabu vya Kuvuta Fedha kwa Nia

Katika mwaka wa 1910 kilitolewa katika mji wa Holyoke, Massachusetts, kitabu kidogo kiitwacho The Science of Getting Rich, yaani elimu ya kutajirika. Mtungaji wake, Wallace D. Wattles, alifariki mwaka uliofuata, wala hakuuona ukoo mkubwa wa vitabu uliotokana na chake. Baada yake alikuja Florence Scovel Shinn na The Game of Life and How to Play It (1925), kisha Napoleon Hill na Think and Grow Rich (1937), na hatimaye Rhonda Byrne wa Australia na The Secret (2006), ambaye mwenyewe ameeleza kwamba kitabu cha Wattles ndicho kilichomfungua macho. Fundisho la wote hawa, kwa asili yake, ni moja: mtu akiitengeneza nia yake, akaiona fedha kwa macho ya moyo na kuamini kwamba ni yake, fedha hiyo itamjia, na aghalabu itamjia kwa njia asiyoitazamia.

Vitabu hivi hushambuliwa kwa upande wa dini, na hutetewa kwa upande wa biashara. Hapa vyatazamwa kwa upande wa sarufi, kwa sababu moja. Ye yote ajaribuye kuigeuza sentensi yao moja kuwa Kiswahili huona upesi kwamba fundisho lenyewe limekaa ndani ya kitenzi, na kwamba mahali pengine Kiswahili hakikubali kulibeba jinsi lilivyo.

Mwombaji wa Kiswahili ana umbo lake la kitenzi tangu zamani. Husema "nipate", "nijaliwe", "Mungu anifungulie". Ile -e ya mwisho yaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba jambo halijawa, na kwamba mwenye kulifanya liwe ni mwingine. Sasa tazama agizo la Hill. Msomaji aandike kiasi halisi cha fedha anayoitaka, na tarehe ya kuipata. Asome maandishi hayo kwa sauti mara mbili kila siku, usiku kabla ya kulala na asubuhi aamkapo, huku akijiona na kujihisi kwamba anayo tayari. Shinn naye afundisha kushukuru kwa kitu kana kwamba kimekwisha pokewa. Kwa Kiswahili, mwanafunzi wao huondoka katika "nipate" akaingia katika "nimepata".

Tofauti ni ndogo kwa jicho, bali ni kubwa kwa maana. Kiambishi -me- hakionyeshi tu kwamba tendo limepita. Chaonyesha hali iliyobaki baada ya tendo. Aliyesimama "amesimama" hata sasa, na aliyevaa kanzu "amevaa" hata sasa. Asemaye "nimepata" asema kwamba mkono wake una kitu, na msikilizaji ana haki ya kumjibu, "Nionyeshe." Sentensi hiyo imekwisha toka katika mlango wa dua na kuingia katika mlango wa habari, na habari ama ni kweli ama si kweli. Mwanafunzi wa Hill aisoma usiku, mfuko mtupu, na kila usiku asema neno ambalo yeye mwenyewe ndiye shahidi wa kwanza kulikana. Mwenye "nipate" hana taabu hiyo. Aweza kulala maskini akiwa mkweli.

Hapana budi kukubali kwamba "nimepata" hiyo haikuzaliwa Holyoke. Wattles mwenyewe aliitegemea Injili ya Marko, sura ya 11, aya ya 24, nao waliomfuata wameirejea mara nyingi. Aya hiyo yastahili kutazamwa kwa makini. Katika hati za kale za Kiyunani kitenzi ni elabete, wakati uliopita: mmekwisha pokea. Hati za baadaye zina wakati uliopo, nazo ndizo zilizofuatwa na tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, nao waliweka -na-. Uchaguzi huo waweza kubishaniwa na wajuzi wa hati, walakini katika Kiswahili una athari njema: kupokea kwaendelea, wala hakujafungwa, na mwombaji halazimiki kudai kwamba mkono umejaa.

Lililo zito zaidi katika aya hiyo ni nafsi. Kiyunani chasema na watu wengi, na Kiswahili nacho hakina njia nyingine ila kusema na wengi, maana kiambishi ni m- na hakifichiki. Kiingereza cha 1611 kilikuwa bado na neno la pekee la wengi, ye; Kiingereza cha leo kina you tu, la mmoja na la wengi, na msomaji aliye peke yake chumbani hulisoma kama barua iliyoandikwa kwa jina lake. Juu ya you hiyo ya mtu mmoja ndipo ilipojengwa nyumba nzima. Aya ya 25, inayofuata mara moja, yamtaka mwombaji, akiwa na neno juu ya mtu, amsamehe. Yaani mtu wa pili amekwisha ingia kabla sala haijakoma. Katika hatua tatu za Byrne, omba, amini, pokea, mtu huyo hana kiti.

Mfano bora wa Wattles ni ule wa cherehani, katika sura ya sita. Asema kwamba mwenye kuitaka asidhani kuwa itaumbika chumbani mwake pasipo mikono. Aishike sura yake moyoni kwa yakini kwamba inatengenezwa au iko njiani, nayo itamfikia kwa uwezo wa Akili Kuu itendayo kazi katika fikira za watu. Hata mtu wa Texas au wa Japani aweza kuletwa mpaka Maine ili shughuli itimie. Huu ni mfano wa mtu mwenye akili. Ameukataa uchawi wa waziwazi, na katika sura nyingine atamsisitizia msomaji kwamba fikira huleta kitu bali kazi ndiyo ikipokeayo. Kwa jambo hili Wattles yu mbali sana juu ya warithi wake.

Lakini vitenzi vyake! Cherehani yatengenezwa, yaletwa, mtu asukumwa kuja. Kiingereza chaweza kuviacha vitenzi hivyo bila mtenda, na sikio halidai kitu. Mfasiri wa Kiswahili, kwa kufuata mwendo wa asili wa lugha yake, ataandika "utaletewa cherehani", na hapo msikilizaji wa Tanga au wa Mombasa atauliza mara moja, "Na nani?" Kauli ya kutendewa huacha mlango wazi kwa ajili ya na, na mlango ukiachwa wazi watu huchungulia. Wakichungulia wataona mhunzi, mchukuzi, karani wa stesheni, na mwenye duka. Wataona pia daftari la malipo. Cherehani ndiyo bidhaa iliyowazoeza Wamarekani kununua kwa kulipa kidogo kidogo. Kampuni ya Singer ilianza mpango huo katika miaka ya 1850. Kwa hiyo mwaka 1910 njia ya cherehani ya kuingia katika nyumba ya mtu wa kipato kidogo ilikuwa si siri hata kidogo. Ilikuwa ni dola chache za kuanzia, na deni la kila mwezi. Hilo halimo katika sura ya sita.

Kufichwa kwa mtenda kwaonekana waziwazi zaidi katika The Secret. Jack Canfield, mmoja wa wasemaji wa kitabu hicho, asimulia kwamba aliibandika juu ya kitanda chake noti ya dola 100,000 aliyojitengenezea mwenyewe. Wiki kadhaa zikapita pasipo kitu. Kisha, akiwa anaoga, likamjia wazo kwamba ana kitabu alichokwisha kuandika, na kwamba nakala 400,000 zikimpa senti 25 kila moja hesabu itatimia. Akaliona gazeti la National Enquirer dukani. Na baadaye, baada ya kuwahutubia walimu 600 mjini New York, mwanamke mmoja akamwendea kutaka mazungumzo, kumbe ni mwandishi wa gazeti lilo hilo. Kitabu kikauzwa, na mwaka ukaisha kwa mapato ya zaidi kidogo ya dola 92,000. Kama hadithi, ina mwendo mzuri. Lakini msomaji akiiondoa noti juu ya kitanda, vyabaki kitabu, hotuba, walimu, mwandishi wa habari na wanunuzi. Akiviondoa hivyo akaiacha noti, yabaki karatasi tu. Kitabu chahesabu kinyume. Msemaji mwingine asema alikuwa akiletewa bili kila siku, akaanza kuwazia hundi mahali pa bili, na baada ya mwezi hundi zikaanza kuja. Ila hundi hizo zilikuwa ujira wa kazi gani, hapana neno.

Fedha ya ghafula si kitu kigeni katika Afrika ya Mashariki, na tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 huja kwa simu mkononi. Walakini huja na maandishi, na maandishi yana jina la aliyetuma. Aliyepokea pasipo kutazamia hupiga simu kushukuru; au, ikiwa jina halijui, hukaa akingoja kuombwa airudishe.

Neno gumu kuliko yote kwa mfasiri ni lile lililo rahisi kuliko yote, nia. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili lilikaa kwanza katika ibada: nia ya udhu, nia ya sala, nia ya saumu. Mtu hunuia tendo lake mwenyewe. Kitenzi nuia hufuatwa na kitenzi-jina, "amenuia kufunga", "amenuia kwenda Hija", "amenuia kuoa", na mtenda wa pande zote mbili ni yule yule. "Amenuia fedha imjie" ni sentensi ya kulishtua sikio. Mwenye haja hiyo husema "anaomba", "anatamani" au "anatumaini", na kila moja la maneno hayo laungama kwamba jambo haliko katika uwezo wake. Hata methali isemayo kwamba nia njema ni tabibu na nia mbaya huharibu yahusu moyo wa mtu, na athari yake kwake na kwa jirani. Haikutaja kasha la fedha.

Si kweli, hata hivyo, kwamba Kiswahili hakina neno kwa jambo lifundishwalo na vitabu hivi. Kinalo, nalo ni kunuiza. Mganga hunuiza: huisemea dawa maneno, akaitaja haja, akamtaja na mtu, ili dawa ijue iendako. Shinn alifundisha kusema neno kwa sauti juu ya haja, na mwaka 1928 akatoa kitabu kingine alichokiita Your Word Is Your Wand, yaani neno lako ndilo fimbo yako ya miujiza. Jina hilo halimwachii mfasiri shaka yo yote. Mfasiri mwaminifu ataandika "kunuiza fedha", na mchapishaji atakataa, kwa kuwa hapana karani wa benki atakayekiweka kitabu cha kunuiza juu ya meza yake ya kazi. Mchapishaji atataka "nia chanya". Yafaa kuona neno hilo jipya lafanya nini. Lachukua heshima ya msikiti, laongeza chanya, neno la hesabu na la umeme, kisha lafanya kazi ya kilinge. Wala kusema hivi si kukidharau kilinge. Mganga angalau yupo. Mteja asiyeridhika ajua nyumba yake, na aweza kwenda kudai kuku wake.

Katika fundisho la nia chanya hakuna wa kudaiwa. Fedha isipokuja, kosa ni la aliyenuia: aliamini nusu, aliona picha hafifu, alitia shaka. Hill ataka kiasi na tarehe, na hapa pana mgongano ambao hakuna hata mmoja wao aliyeutatua. Fedha yenye kiasi na tarehe si fedha isiyotazamiwa. Ni deni lililoandikiwa siku ya kulipwa, ila mdaiwa hakutajwa. Riziki, kwa Waswahili, ni kama ajali, hutambui ijapo. Hakuna aliyeikatia hati.

Haki yataka pia kutaja linaloweza kusemwa kwa upande wa vitabu hivi. William James, katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1902 kwa jina la The Varieties of Religious Experience, hakuwacheka waalimu wa kuponya kwa fikira. Aliona kwamba watu wengi walipata nguvu za kweli kwao, akalieleza jambo hilo kwa heshima. Na mtetezi aweza kuongeza kwamba Mswahili naye hutanguliza neno jema. Mgonjwa akiulizwa hujibu kwanza "sijambo", na mwenye dhiki hujibu "njema", ndipo aeleze yaliyomsibu. Hoja hii ina uzito, lakini "sijambo" huambiwa mtu, kwa adabu, naye huyo aliyeambiwa hungoja sehemu ya pili. Asiyeeleza sehemu ya pili hasaidiwi. Kwa upande wa utafiti, Gabriele Oettingen na wenzake wamekuwa wakipambanua mambo mawili ambayo vitabu hivi huyachanganya: kutarajia kwa sababu ya yaliyokwisha tokea, na kujiwazia mazuri tu. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2002, wahitimu wa chuo kikuu waliojiwazia sana mafanikio ya kazi walipeleka maombi machache zaidi, na baada ya miaka miwili walikuwa wakilipwa kidogo kuliko wenzao. Waliotarajia walifaulu zaidi. Kiswahili kina tarajio kwa la kwanza na njozi kwa la pili, na mfasiri mzuri hatayaweka yote mawili chini ya neno nia.

Kuna jambo moja katika Wattles ambalo halina budi kusemwa kwa ukali. Mtu huyu alikuwa mfuasi wa Chama cha Kisoshalisti katika Indiana, akagombea uchaguzi kwa jina la chama hicho; na bado amkataza msomaji kuchunguza umaskini, kusoma habari zake, au kuuzungumza, kwa kuwa picha ya umaskini itaharibu picha ya utajiri. Sadaka, kwake, humpa maskini mkate tu. Afadhali apewe hamasa. Hapa sarufi imekuwa sheria. Kwanza mtoaji aliondolewa katika sentensi. Sasa mhitaji naye aondolewa machoni. Ahadi ya namna hii ilipata baadaye jina la mbegu kwa wahubiri kama Oral Roberts wa Marekani, aliyetoa kitabu Miracle of Seed-Faith mwaka 1970, na jina hilo limezoeleka sana hata katika Kiswahili. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilipozizuia shughuli za DECI, watu wengi walikuwa wamekwisha "kupanda mbegu" wakingoja "kuvuna". Ndivyo michango na malipo yalivyoitwa. Wengi waliuita mchezo huo upatu, jina usilolistahili. Katika upatu wa mtaani kila mmoja amjua anayepokea leo, na amjua atakayepokea mwezi ujao. Kitenzi chake ni kupokezana, ambacho hakiwezi kutendwa na mtu mmoja. Mbegu, kinyume chake, huota yenyewe usiku, na asiyevuna hulaumu udongo wake.

Miongoni mwa hadithi zote hizi, iliyo karibu zaidi na maisha ya pwani ni moja ya Shinn. Mwanamke mmoja alihitaji dola 3,000 ifikapo siku fulani, na mwalimu akamsemea neno. Siku zikaenda. Akaja kumtembelea jamaa yake, wakazungumza, na alipokuwa akiondoka akageuka kuuliza, kama jambo la kupita, hali yake ya fedha ikoje. Mwanamke akamweleza, naye akaahidi kumpa dola 3,000. Shinn alihesabu hiyo kuwa kazi ya neno. Msomaji wa Kiswahili ataona ndugu aliyeuliza, na mwenye shida ambaye kwa mara moja hakujibu "njema" akanyamaza. Kwa Kiingereza jamaa huyo ni cousin tu. Mfasiri anayetaka kuandika sawasawa atataka kujua ni mtoto wa ami, ambaye ni kama ndugu wa kuzaliwa naye. Au wa mjomba au wa shangazi, ambaye katika makabila mengi ni mtani. Au ni wa mama mdogo. Wajibu wa kila mmoja ni tofauti, na shukrani yake ni tofauti. Shinn hakusema. Jamaa huyo hakupewa jina wala ukoo, na baada ya kutoa fedha yake hatajwi tena katika kitabu, basi mfasiri ataandika "binamu" na kuendelea na ukurasa unaofuata.